Anti, nyumba ni mpya kabisa haijakaliwa na mtu, mume anataka tulipe ya mwaka ila mimi nasita

Shikamoo anti, pole na majukumu. Naomba unisaidie mawazo maana hapa nyumbani mimi na baba watoto hatuelewani kabisa, na yeye anataka ijumaa hii tuwe tumeshalipa.

Nina miaka 31, tuna watoto wawili, mkubwa yuko la pili na mdogo ana miaka mitatu, na huyu mdogo ana pumu, tumeshalazwa naye zaidi ya mara moja kwaiyo ukiona naandika kwa hofu ujue inatokea wapi. Saivi tunakaa Mabibo, vyumba viwili, choo na bafu tunashea na familia nyingine, maji ya kubeba ndoo, umeme tunachangia mita moja na kila mwezi ni ugomvi, nani kachomeka friji, nani kapiga pasi nguo za wiki nzima. Nimechoka anti. Kuhama nataka pengine kuliko hata yeye, hilo naomba ulijue kabla hujanijibu.

Sasa mume wangu amelipwa malimbikizo yake kazini, hela ambayo tuliisubiri mpaka tukaacha kuiongelea. Dalali mmoja akamwambia kuna apatimenti mpya Goba, ghorofa, ndo kwanza imeisha. Tukaenda kuiona jumapili. Ni nzuri sikudanganyi, vyumba viwili kimoja masta, sebule kubwa, jiko lina makabati, tailizi mpaka ukutani, jipsamu na zile taa za kuzunguka, madirisha ya alminiamu, kibaraza cha kuanikia nguo. Mwanangu mkubwa alikua anakimbia chumba hadi chumba anauliza hiki cha nani, hiki cha nani, na mume wangu sijamuona anacheka vile siku nyingi.

Ila kuna vitu nimeviona. Chini na ghorofa ya kwanza pameisha, ghorofa ya pili mafundi bado wanapiga lipu na wanakata tailizi, vumbi linashuka mpaka kwenye ngazi. Harufu ya rangi kali mpaka nikatoka na kichwa, na mdogo alianza kukohoa hapohapo. LUKU haijafungwa, dalali anasema fomu imeshapelekwa, kwa sasa wapangaji watavutiwa waya kutoka mita ya mwenye nyumba alafu mtakua mnachangia, yaani yaleyale ninayoyakimbia Mabibo. Maji ni ya kisima, nimeonja yana chumvi. Na ile nyumba ya chini, chumba cha masta nyuma ya mlango, rangi imevimba na kuna unga mweupe, nikauliza, dalali akaufuta na kiganja akasema ni vumbi la jipsamu.

Bei ni laki nne na nusu kwa mwezi, unalipa miezi sita, dipoziti mwezi mmoja na dalali mwezi mmoja. Ukilipa mwaka mzima inashuka inakua laki nne kwa mwezi. Baba watoto kapiga hesabu anasema tunaokoa laki sita, na hela kama hiyo ikikaa ndani itaisha kwa mambo ya ndugu. Kasoro moja ni kwamba ameshampa dalali laki moja ya kushikilia, bila risiti, na dalali anapiga simu kila siku anasema kuna mama anatoka Mbweni yuko na hela mkononi.

Nikimwambia tusubiri ananijibu mimi nimeshazoea shida. Mama mkwe naye amesikia, kaniambia kwenye simu kuna wanawake hawapendi mume apige hatua. Hilo limeniuma mpaka leo.

Je anti, mimi nina hofu tu au nina haki? Na nyingine ndogo, wametupa kuchagua, nyumba ya chini au ya ghorofa ya kwanza, bei moja. Tuchukue ipi?

Mama wawili, Mabibo

*

Marahaba mwanangu, pole na hayo maneno ya kwenye simu, nitayarudia.

Kwanza jibu lenyewe ulipate mapema maana ijumaa ni kesho kutwa. Ya mwaka msilipe. Na ijumaa hii msilipe hata ya miezi sita, mpaka umeme uwe umefungwa na mkataba uwe umeandikwa. Kuhama hameni, tena inawezekana kabisa mkahamia hiyohiyo nyumba, lakini kwa masharti yenu na sio kwa presha ya dalali. Haki unayo. Ulichokiona wewe na alichokiona mumeo vyote ni vya kweli, yeye kaona nyumba na wewe umeona kwamba nyumba haijaisha.

Watu wengi tukisikia nyumba mpya tunaona tumemaliza, hamna kunguni, hamna mende, hamna choo cha mtu mwingine. Sawa. Lakini nyumba iliyokaliwa miaka mitano ina majirani wa kuwauliza, masika ikinyesha inavuja wapi, maji yanakatika siku gani, shimo la choo linajaa baada ya muda gani, baba mwenye nyumba ukimpigia anakuja au anazima simu. Hii ya kwenu hamna mtu wa kumuuliza. Haijapita masika hata moja, bomba zake hazijatumiwa na familia zote kwa wakati mmoja, lile shimo halijaingia hata ndoo ishirini. Nyie ndo mtakaoijaribu, sasa anayejaribu kitu halipi ya mwaka mzima kabla.

Halafu kaa na mumeo mfikirie hili. Kwa nini mwenye nyumba anakubali kupoteza laki sita ili alipwe ya mwaka? Kwa huku pembezoni mwa Dar, Goba, Madale, Kinyerezi, Kigamboni, Bunju, watu wengi wanajenga kidogokidogo, wanamaliza chini wanapangisha, kodi ya chini ndo inanunua saruji na tailizi za juu. Sio kosa, ndivyo jiji lilivyojengwa na mimi namheshimu mtu aliyejinyima akafika ghorofa ya pili. Ila maana yake ni kwamba hela yenu ndo inayomalizia lile jengo. Yeye anawahitaji nyie saivi kuliko nyie mnavyomhitaji yeye, na huyo mama wa Mbweni angekua yupo kweli na hela mkononi angekua ameshalipa, dalali hana sababu ya kuwasubiri nyie. Kwaiyo mna nguvu ya kuongea. Nguvu hiyo inakwisha siku ile mtakapomkabidhi milioni nne na laki nane, kuanzia hapo umeme ukichelewa, bomba likivuja, fundi asipokuja, mtakua mnaomba.

Mimi ningeenda na ofa hii. Miezi mitatu siku mnayohamia, na mitatu mingine umeme ukishafungwa na kazi chafu za juu zikiisha, bei laki nne na nusu hiyohiyo, au mkilipa miezi sita kwa mafungu hayo mawili aipunguze kidogo. Wako wenye nyumba watakataa. Wako wengi watakubali, hasa mwezi huu wakati bado mafundi wanadai.

Na hiyo laki sita ya kuokoa, baba watoto aipige tena hesabu akiwa na barabara kichwani. Kutoka lami mpaka kwenye geti ni mwendo gani? Goba ni milima na njia nyingi za ndani ni vumbi, mvua ikinyesha zinateleza, bodaboda wengine wanakataa kupanda na wengine wanapandisha bei. Tuseme ni buku kwenda buku kurudi, watu wazima wawili, siku 26 za kazi, hiyo ni laki moja na elfu nne kwa mwezi na bado hujapanda daladala. Punguzo lake ni elfu hamsini kwa mwezi. Kabla hamjalipa chochote amkeni siku moja mwende pale saa kumi na mbili asubuhi, msimame kituoni kama mnaokwenda kazini, muone daladala zinajaa vipi na mtoto wa shule atapita wapi. Na usiku saa tatu mwende tena, taa zipo njiani au giza.

Sasa LUKU, maana hapa nakuona unarudi Mabibo ukiwa umevaa tailizi. Usikubali kuhamia kwa waya wa kuvutiwa. Kwanza kwa usalama, waya mmoja uliopimwa kwa nyumba moja ukibebeshwa friji, pasi na jiko la umeme la familia tatu unapata moto, na wayaringi ya nyumba mpya inatakiwa ikaguliwe kabla mita haijafungwa, ukivutiwa waya kutoka mita ya mwenye nyumba ule ukaguzi umerukwa. Muulize pia kama ile fimbo ya kupeleka umeme ardhini imefungwa, fundi umeme yeyote atakuonyesha ilipo, na kwa bafu lenye hita ya maji hilo sio la kupuuza. Pili ni hela. Ukiwa na mita yako na matumizi yenu ni madogo mnaweza kuomba tarifu ya D1, yaani bei ya watumiaji wadogo, yuniti 75 za kwanza za mwezi mnalipa shilingi 100 kila yuniti kabla ya kodi na tozo. Kwa tarifu ya kawaida elfu kumi inakupa yuniti 28 hivi. Mkichangia mita moja familia tatu hizo 75 zinaisha wiki ya kwanza, hakuna atakayeiona bei nafuu. Na ujue tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na ghorofa inakatwa kubwa kuliko nyumba ya kawaida, deni hilo ni la mwenye jengo sio la mpangaji, kwaiyo iandikwe kwenye mkataba nani anarudishiwa nini.

Fomu imeshapelekwa sio jibu. Mwambieni mwenye nyumba awaonyeshe namba ya maombi au risiti ya malipo ya kuunganishiwa. Mtu aliyelipia anayo kwenye simu, haimchukui dakika.

Ule unga mweupe mwanangu sio vumbi la jipsamu. Vumbi halivimbishi rangi. Ule ni chumvi inatoka ndani ya ukuta, maji yaliyomo kwenye matofali na lipu yanapotoka nje yanaibeba, yakikauka inabaki juu ya rangi. Huku Dar ni jambo la kila siku, mchanga wenye chumvi, maji ya kisima ya kujengea, au ukuta unanyonya unyevu kutoka chini kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia. Kwa nyumba mpya inawezekana ni unyevu wa ujenzi tu, zege na lipu vinabaki na maji ndani kwa miezi hata kama kwa mkono unaona pakavu, na wengi wanapiga rangi haraka ili wapangishe. Ukiwa ni huo utakwisha wenyewe. Ukiwa unatoka chini hautakwisha, utapaka rangi kila mwaka na makabati yataota ukungu nyuma. Namna ya kutofautisha sio ngumu, angalieni kama umekaa chini tu kwa usawa mmoja kuzunguka chumba au umetokea sehemu moja yenye bomba la bafu upande wa pili. Ukikaa chini tu kuzunguka chumba, huenda unatoka ardhini. Ukiwa nyuma ya bafu la masta, huenda bomba linavuja ndani ya ukuta, na hilo lirekebishwe kabla hamjaingia, sio baada.

Nyufa msiziogope zote. Lipu mpya inapokauka inachanika mistari myembamba kama unywele, hiyo ya kawaida. Mnayotakiwa kuikimbia ni ile inayoanzia kona ya dirisha au mlango inapanda mshazari na ukucha unaingia, au iliyo kwenye nguzo na bimu. Tena muulize bila aibu nani alijenga na kama kuna kibali cha ujenzi. Jengo la ghorofa kazi yake inatakiwa iwe na mkandarasi na mhandisi waliosajiliwa, na kibao chenye majina yao kinakaa pale saiti, hasa huku mafundi bado wapo juu kibao kinatakiwa kiwepo. Nyumba isiyo ya ghorofa hata fundi maiko, yule wa mtaani asiyesomea, anaweza kuisimamisha na ikadumu, ghorofa mbili zenye watoto wa watu ndani ni jambo jingine. Kariakoo Novemba 2024 tumezika watu, na 2013 hapa hapa jijini jengo la ghorofa likiwa bado linajengwa liliua zaidi ya thelathini. Mwenye nyumba mwenye vibali vyake atakujibu vizuri, asiyekua navyo ndo atakuuliza wewe unajifanya injinia.

Mvua sasa. Kama ile nyumba ina paa la kujificha, hizi za kisasa ambazo ukiwa chini huoni bati, mpande juu muangalie mfereji wa maji. Nyumba za namna hiyo zinapendeza ila zinavuja sana, maji yote yanaingia kwenye mfereji mmoja nyuma ya ukuta, majani yakiziba au mlalo ukikosewa yanarudi ndani kwenye jipsamu. Imeisha wakati wa kiangazi, hakuna anayejua. Vuli inaanza mwezi wa kumi. Kama mnaweza kuvumilia Mabibo mpaka mvua kubwa moja ipite mkaenda kuiona kesho yake, mtajua mengi kuliko nitakayowaandikia mimi hapa. Kwa sasa fungueni bomba zote kwa pamoja muone presha, mwageni ndoo ya maji kila bafu muangalie yanaelekea kwenye tundu au yanaelekea sebuleni, gongeni tailizi kwa sarafu, inayolia tupu chini haina saruji na itabanduka.

Maji ya kisima yenye chumvi mtaishi nayo kwa kuogea na kufulia, sabuni itaisha haraka na shawa itaziba, ila ya kunywa na kupikia mtanunua, iingizeni kwenye hesabu. Ulizeni kama bomba la DAWASA linapita mtaani na kama kuna mita, wapangaji wa nyumba za jirani ndo watawaambia ukweli yanatoka siku zipi.

Nimechelewa kufika kwa mtoto na yeye ndo ilibidi nianze naye. Vumbi la kukata tailizi na saruji, mvuke wa rangi mpya na gundi za makabati, na ukungu wa ukuta wenye unyevu, vyote hivyo vinajulikana kuamsha pumu, na pale vipo vyote kwa wakati mmoja juu ya kichwa cha mtoto wa miaka mitatu. Alikohoa ndani ya muda mfupi tu mkiwa mmeenda kutazama, je akilala mle usiku kucha madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu? Hili ndilo ningemwambia mumeo na lingekua la kwanza, tena usilifunike na habari za mkataba. Mafundi wamalize kukata juu, nyumba ikae wazi madirisha yote wiki kadhaa baada ya rangi ya mwisho, ioshwe, halafu ndo mtoto aingie. Nenda nae pia kliniki anakotibiwa umwambie daktari mnahama, akuangalizie dawa zake, uhame ukiwa na ile ya kupuliza ndani na sio uanze kuitafuta Goba usiku.

Mkataba. Msimlipe dalali kodi, kodi analipwa mwenye nyumba, kwa benki au kwa simu kwenye jina lilelile lililo kwenye mkataba. Dar wako watu wamelipa kodi kwa mtu ambaye nyumba sio yake, wamefika na mizigo wamekutana na wenzao watatu waliolipa chumba hichohicho. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mumuulize mwenyekiti au mtendaji nyumba ile ya nani, na mwenye nyumba awaonyeshe hati au karatasi za mauziano. Muulizeni kama kiwanja kiko kwenye mkopo wa benki. Kwenye mkataba yaandikwe yote ambayo hayajaisha na tarehe ya kila moja, LUKU, vyuma vya kushikia vya ngazi na kibaraza, kazi za juu, ukuta wa masta, na isipofika tarehe nini kinatokea, ningependelea kodi ya mwezi huo ipungue. Dipoziti iandikwe inarudi lini na inakatwa kwa kitu gani. Pigeni picha na video kila kona siku ya kupokea funguo, mumtumie wasapu siku hiyohiyo, ili miaka miwili mbele asije akawakata dipoziti kwa tailizi aliyoipasua fundi wake.

Wengi hawajui kwamba hata mkataba ukiwa kimya, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inambana mwenye nyumba akuache ukae kwa amani, na kama umepanga sehemu ya jengo basi paa, kuta kubwa na mifereji ni jukumu lake kuvitunza. Mkifika pabaya mnaanza baraza la kata kwa usuluhishi, wakishindwa mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila mwanangu kesi inakula muda, na kesi ambayo hela yote ameshaishika mwenzako inakula zaidi, ndo maana nasisitiza mafungu.

Laki moja ya dalali, mumeo amtumie ujumbe leo, wa maandishi sio simu, amuandikie kwa heshima tu kwamba tarehe fulani nilikupa laki moja ya kushikilia nyumba ya Goba, naomba uthibitishe, na itaingia kwenye malipo yako ya udalali tukisaini. Akijibu sawa mmepata risiti. Asipojibu mmemjua kabla hajashika nyingine. Na udalali alipwe baada ya mkataba kusainiwa.

Kuhusu mumeo. Usianze na makosa ya nyumba, ataona unambomolea. Huyu baba ameishi miaka anaona mke wake anapanga foleni ya choo, hela imekuja, anataka awatoe pale kwa mara moja na asikie kwamba ameweza. Mwambie hivyo. Mwambie nataka kuhama na wewe, nimeipenda, nataka tuipate vizuri ili mtoto asitutoe mle usiku kwenda hospitali. Halafu mpe kazi yeye, yeye ndo aende kuongea na mwenye nyumba habari ya miezi mitatu mitatu, yeye ndo apande juu kuangalia mfereji, amchukue na rafiki yake mmoja fundi wampe hela ya soda. Akirudi na jibu litakua lake. Hofu yake ya hela kuisha kwa ndugu pia ni ya kweli kabisa, msiidharau, hiyo inayobaki ipelekeni akaunti ambayo hamuitoi kirahisi au akaunti ya sahihi mbili, siku hiyohiyo, isilale ndani.

Mama mkwe usimjibu kwa simu. Mtoto wake ndo amwambie, kwa sentensi moja, kwamba mke wangu anamlinda mjukuu wako. Neno lile likitoka kwako litaonekana ugomvi, likitoka kwake limeisha. Na ukimwambia mumeo kwamba lilikuuma usimwambie siku moja na mazungumzo ya nyumba, lina siku yake.

Mwisho umeniuliza chini au juu. Ya chini ina ule ukuta, na kwa mtoto wa pumu mimi chumba chenye unyevu siingii mpaka sababu yake ijulikane. Ya ghorofa ya kwanza iko kavu zaidi lakini juu yake ndo wanajenga, kelele na vumbi ni zenu kwanza, na mabafu ya ghorofa ya pili yatakua juu ya dari lenu, yakikosewa mtayaona kwenye jipsamu yenu. Kwaiyo ningechukua ya ghorofa ya kwanza, baada ya mabafu ya juu kuisha na kumwagiwa maji mbele yenu, na siku ile muangalie dari. Ngazi na kile kibaraza cha nguo mvikague wewe mwenyewe, nafasi kati ya chuma na chuma isipitishe kichwa cha mtoto, na chuma za kulala zinazofanana na ngazi mtoto wa miaka mitatu anazipanda, wafunge za kusimama. Kama hazijafungwa ziandikeni kwenye ile orodha ya mkataba, na msihamie mpaka zimefungwa.